Fundi Mizani na Moyo wa Binti Yake

Wazazi wenzangu, na ninyi mnaojiandaa kuwa wazazi, sogezeni viti. Leo sina habari za mlevi wala mcheza kamari. Hao tumewasema mpaka wamezoea. Leo nataka kumsema mtu mwema. Mtu mchapakazi, mpole kwa mkewe, asiyekosa kumnunulia mtoto wake madaftari, na bado akaiumiza nyumba yake kwa mapenzi. Msinikatize, mtaona wenyewe.

Mtu huyu alikuwa fundi mizani. Wenye maduka, mabucha na maghala walimletea mizani zao zilizoanza kusema uongo, naye akazifungua, akazisafisha, akabadilisha springi zilizolegea, kisha akapanga mawe yake ya kupimia mpaka mshale ukatulia panapostahili. Alikuwa na jicho kali ajabu. Mshale ukizidi hata unywele mmoja, anauona. Mtaa mzima ulimwita Fundi Mizani, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti. Mkewe alikuwa mpishi katika shule ya watoto wadogo. Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, waliyemwita Chiriku, maana alianza kuongea kabla hajafungua macho vizuri, na hakunyamaza mpaka usingizi umkamate katikati ya sentensi.

Laiti mngewaona asubuhi. Karakana ilikuwa chumba cha mbele, chenye dirisha pana linalotazama barabara. Chiriku, sare ameshavaa, alikaa juu ya mizani kubwa ya magunia, magoti kidevuni, akimwaga habari za shule: nani kagombana na nani, mwalimu gani kavaa soksi mbili tofauti. Baba yake anainama kusoma mshale, anatikisa kichwa kama daktari, anasema leo binti kaongezeka robo kilo, na hiyo robo ni maneno ya jana ambayo hakuyamaliza. Mama anacheka jikoni. Nyumba ilikuwa na raha yake.

Asubuhi moja ya namna hiyo hiyo simu ikalia. Kaka yake Fundi, fundi wa makochi, mwenye mwili wa chuma na umri wa miaka arobaini na minne, alikuwa ameanguka kazini. Aliwaambia wenzake kwamba moyo unamwenda mbio, akakaa kwenye kochi ambalo hajamaliza kulivika kitambaa, na hakuinuka tena.

Wakazika. Wakalia. Fundi akarudi kazini na huzuni yake, kama tunavyorudi sote. Wiki chache baadaye, akiwa ameinua mizani nzito kuiweka mezani, moyo wake nao ukaanza kwenda mbio. Viganja vikalowa jasho, kifua kikabana, miguu ikamlegea. Akajua zamu yake imefika. Mkewe akamkimbiza hospitali, wakampima moyo kwa mashine, wakampima damu, na daktari akamwambia mbele ya mkewe kwamba moyo ni mzima kabisa; ile ni hofu iliyochanganyika na msiba, na mwili ukiogopa hufanya hivyo. Fundi akashukuru kwa adabu zote. Walipotoka nje ya geti akamgeukia mkewe na kumuuliza, "Ile mashine yao, nani kaihakiki?"

Mkewe alidhani ni utani wa kazi. Hata mimi ningedhani hivyo.

Haukuwa utani. Kuanzia siku ile Fundi akaacha kila kitu kinachoweza kuupeleka moyo mbio. Akaacha chai kali. Akaacha kutazama mpira. Ngazi ndizo hakuzikanyaga tena. Mteja mwenye duka ghorofani aliambiwa aiteremshe mizani yake, na asiyeweza akatafute fundi mwingine. Kila alipopumzika aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, jicho kwenye saa ya ukutani, akihesabu mapigo.

Angeishia kwake mwenyewe, ningenyamaza. Lakini aliwaza: kama kaka yangu alikuwa na maradhi haya ya moyo, na mimi ninayo, basi huyu mtoto naye lazima anayo. Chiriku alikuwa na miaka kumi na tatu. Asubuhi akija kukaa juu ya mizani ya magunia, baba hasomi tena mshale. Anamwambia, "Lete mkono." Anaweka vidole viwili, anahesabu dakika nzima, na katika dakika hiyo mtoto haruhusiwi kuongea, kwa sababu kuongea kunaongeza mapigo. Kisha akamfundisha kanuni ya nyumba: moyo ukianza kwenda mbio, acha unachofanya, kaa chini, usiinuke mpaka utulie. Chiriku akaipokea kama watoto wanavyopokea mambo ya baba. Aliona ni kupendwa. Kati ya wenzake wote, nani alikuwa na baba anayemshika mkono kila asubuhi?

Na kweli ilikuwa kupendwa, ndiyo maana nasema sina mlevi wa kuwasimulia leo.

Miaka miwili mitatu ikaenda hivyo. Chiriku akaanza kujipima mwenyewe chini ya dawati. Akaacha mbio za shule. Akaacha kuruka kamba. Mama yake aliwahi kusema mtoto amekuwa mzito na mnyamavu, lakini Fundi alimjibu kwamba mtoto amekua na kutulia, na mama akaona asilete ubishi. Kitu kimoja kilichobaki cha Chiriku wa zamani kilikuwa mdahalo. Darasani hakuna aliyemweza kwa hoja. Alipofika miaka kumi na sita akachaguliwa kuisemea shule yake mbele ya shule nyingine sita.

Asubuhi ya mdahalo alikuja karakana amepiga pasi sare mpaka mistari inakata. "Lete mkono," baba akamwambia. Mapigo yalikuwa juu. Jamani, nani moyo wake haukimbii siku ya namna hiyo? Lakini Fundi alikunja uso, akahesabu tena, akamuuliza kama ana hakika ataweza. Chiriku akasema ataweza. Baba akamwambia sawa, ila akumbuke kanuni. Maneno hayo tu. Nayarudia kwa sababu Fundi mwenyewe ameyarudia kichwani mwake mara nyingi kuliko nitakavyoweza kuwaeleza.

Jukwaani Chiriku alianza vizuri. Alipofika hoja ya pili, moyo ukaenda mbio zaidi. Akakumbuka kanuni. Akaacha anachofanya, akakaa chini, pale pale jukwaani, mbele ya watu mia tatu, vidole viwili mkononi. Wengine walidhani ni sehemu ya hoja yake, wakapiga makofi. Kisha wakacheka. Ukumbi ukavuma, na moyo wake, badala ya kutulia, ukazidi, pumzi ikakata, mikono ikafa ganzi. Walimu wakambeba.

Alipelekwa hospitali mara tatu ndani ya miezi miwili. Hospitali mbili tofauti, mashine tatu tofauti, majibu yale yale: moyo mzima. Kila walipotoka, Chiriku alimtazama baba yake usoni kuona kama aamini. Na kila mara Fundi alisema kwamba mashine nazo hukosea, yeye anazijua, ndiyo kazi yake.

Mtoto wa fundi mizani atamwamini nani kuhusu vipimo kama si baba yake?

Basi akaogopa ngazi za shule. Kisha akaogopa darasa, maana darasani kuna kuitwa ubaoni. Kisha akaogopa barabara ya kwenda shule. Mwishowe akawa anatoka chumbani kwenda bafuni tu, tena ameshika ukuta, na maji ya kuoga yalimfanya ahisi pumzi inabana, hivyo mama yake akawa anamwogesha kwa kitambaa. Binti wa miaka kumi na saba. Chiriku yule hakuwa tena na neno. Mwalimu wake wa darasa alikuja nyumbani, akamkuta Fundi peke yake karakana, akampa barua ya kumpeleka binti kwa mshauri wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya. Akaeleza kwa upole kwamba wapo waliotibiwa pale na wakapona. Fundi alimsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akarudi, akaikunja barua mara nne, akaisukuma ndani ya droo ya springi. Mwanangu si kichaa, akajisemea. Mkewe hakuambiwa.

Miezi ikapita. Siku moja mchana Fundi aliingia chumbani na uji. Chiriku alikuwa amelala chali, macho darini.

"Baba," akasema, na ilikuwa siku ya nne hajasema kitu. "Nimechoka kuusubiri. Bora usimame tu, niache kuogopa."

Mnajua baba huyu alifanya nini? Aliweka uji chini, akamwambia, "Lete mkono."

Chiriku akaficha mkono chini ya shuka na kugeukia ukutani. Fundi akabaki na vidole vyake viwili hewani, na kwa mara ya kwanza akavionea haya vidole vile. Alitoka akakaa karakana bila kushika kazi yoyote. Aliiona droo. Hakuifungua. Bado alikuwa na kiburi kidogo kilichobaki, au woga, na mimi sijui kuvitofautisha viwili hivyo ndani ya mtu.

Wiki ile ile akaitwa hospitali ya wilaya. Mizani ya kupimia wagonjwa wa viti vya magurudumu ilikuwa inadanganya, nayo ilikuwa imefungwa kwa bolti sakafuni, ghorofa ya tatu. Hakuna wa kuiteremsha. Na lifti ilikuwa mbovu. Fundi akasimama chini ya ngazi na mkoba wake wa vyuma, akizitazama kama mtu aliyeambiwa apande mnazi.

Kwenye ngazi zile walikuwa wanawake wawili. Mmoja mama mnene wa makamo, anapanda mbio, anashuka, anapanda tena, jasho linamtiririka. Mwingine, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, alikuwa anapanda naye, wote wanahema. Mwenye miwani alipomwona Fundi akamwambia wanamsubiri juu.

"Nina goti," Fundi akasema.

"Lipi?"

Akashika la kulia. Alipohamisha mkoba mkono wa pili, akashika la kushoto. Mwenye miwani aliona, ila hakucheka. Akamwambia kwamba magoti ya namna hiyo wanayapata sana pale, hata huyu mama alikuja nalo.

Fundi akauliza mama yule anaumwa nini. Mwenye miwani, ambaye ndiye alikuwa mshauri wa afya ya akili, akamtazama mgonjwa wake, na mama mnene akatikisa mkono kwamba asimulie tu, si siri, mtaa wake wote unajua. Basi mshauri akasimulia. Moyo wa mama huyu umepimwa na madaktari na ni mzima. Bila hilo wasingemkimbiza. Lakini kila ulipoenda mbio aliamini anakufa. Kuamini hivyo kunaleta hofu, hofu inauongezea moyo mbio, na mbio zile anazichukua kama ushahidi. Akakimbia kila kinachomhemesha, mpaka maisha yakabaki kitanda na choo, na huzuni ikaja kukaa humo humo.

"Hakuumia kwa sababu moyo ulikimbia," mshauri akasema. "Aliumia kwa sababu aliuogopa ukikimbia. Sasa tunaukimbiza makusudi, kidogo kidogo, mpaka aone kwamba unarudi wenyewe."

Fundi akauliza, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, kama watoto nao hupata.

"Hupata. Wengine huzaliwa na wasiwasi tu. Wengine wanajifunza nyumbani, kwa watu wanaowapenda."

Mshauri hakujua anazungumza na nani. Fundi akakaa kwenye ngazi ya kwanza, mkoba mapajani. Na hapo, ndugu zangu, kazi yake ya miaka ishirini ikamsuta. Kwa sababu mteja akimletea mizani ambayo mshale hauchezi hata ukiweka mzigo, Fundi alikuwa anasema nini? Kwamba imekufa. Mizani nzima, ukiweka mzigo, mshale unaruka, unatikisika, unakwenda na kurudi, halafu unatulia. Na wateja wenye haraka, wale wanaoushika mshale kwa kidole ili utulie upesi, aliwagombeza miaka yote: msiushike, mnaiharibu, uacheni utulie wenyewe. Miaka minne alikuwa ameushika mshale wa mtoto wake kwa vidole viwili.

Hakupanda ngazi siku ile. Alirudi nyumbani, akaifungua droo, akaenda jikoni alikokuwa mkewe anamenya viazi. Akaiweka barua mezani na kumweleza yote: nani aliileta, lini, na kwa nini aliificha. Mkewe aliisoma taratibu, kisha akatazama tarehe.

"Miezi saba," akasema. "Miezi saba namwogesha mtoto mkubwa kwa kitambaa, na njia ya kumtibu imelala kwenye droo yako."

Hakupiga kelele. Alimaliza kumenya viazi. Ilichukua muda mrefu kabla hajazungumza naye tena zaidi ya salamu, na Fundi hakuthubutu kulalamika.

Kwa Chiriku kulikuwa kugumu zaidi. Fundi alikaa chini sakafuni kando ya kitanda, mikono ameikalia ili isimponyoke. Akamwambia kwamba alikosea. Kwamba alimwogopea, na hofu hiyo akamvisha yeye. Chiriku alisikiliza akitazama ukuta, kisha akageuka.

"Kwa hiyo zile mashine zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa, mwanangu. Zote tatu."

"Ulijua?"

"Sikujua. Sikutaka kujua."

Chiriku akalia, na hakuwa analia kwa huzuni. Alikuwa na hasira. Alimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii baba yake, na Fundi aliyapokea yote bila kuinua kichwa. Mama alisimama mlangoni na hakumkataza.

Matibabu hayakuwa muujiza. Mshauri alikuja nyumbani mwanzoni, kisha wakaenda kwake. Alizungumza na Chiriku kuhusu ile kauli ya moyo kusimama, akamuuliza wazi wazi kama anafikiria kujiua, na daktari akamwanzishia dawa ya ile huzuni. Mazoezi yalianzia jikoni. Chiriku anaruka papo hapo nusu dakika, anasimama, anahisi moyo ukigonga, na hakai chini. Anazunguka mpaka kizunguzungu, anakisubiri kipite. Fundi alitakiwa awepo, lakini asiulize, asishike, asihesabu. Alisimama mikono mgongoni kama mwanafunzi mtukutu, machozi yakimlenga, na mara mbili mshauri alimwomba akasubiri nje. Saa ya ukutani mama aliitoa na kuipeleka shuleni kwake, watoto waisomee namba.

Mwezi wa tano wa matibabu, ile mizani ya ghorofa ya tatu ilikuwa bado mbovu. Hospitali walikuwa wamechoka kumsubiri. Chiriku, akitoka kwa mshauri, alimkuta baba yake amesimama pale pale chini ya ngazi na mkoba wake. Akaelewa mara moja. Akamwambia watapanda pamoja.

Wakapanda. Ghorofa ya kwanza Fundi alikuwa ameloa jasho. Ya pili kifua kikambana, akatafuta mahali pa kukaa, na hapakuwa na mahali. Chiriku naye alikuwa anahema, macho yamekuwa mekundu. Akanyoosha kiganja.

"Lete mkono, baba."

Akampa. Binti akaweka vidole viwili, akasikiliza kidogo.

"Unakimbia," akasema.

"Unakimbia kweli."

"Na wangu pia. Twende."

Hakuuachia mkono ule mpaka ghorofa ya tatu, na njia nzima alikuwa anaongea, habari za mama mnene wa kwenye ngazi ambaye siku hizi anacheza muziki. Fundi hakusikia nusu yake kwa kuhema.

Mizani aliitengeneza. Chiriku amerudi shule, darasa moja na watoto aliowazidi miaka miwili. Wenzake wameshakwenda vyuoni. Jukwaa la mdahalo hajalikanyaga tena, na sijui kama atalikanyaga. Asubuhi hapiti tena karakana. Anatokea mlango wa nyuma. Ile mizani ya magunia ipo, inafutwa vumbi kila siku, na Fundi hajamuuliza binti yake kwa nini haji kuikalia, kwa sababu jibu analijua.

FUNZO TUNALOONDOKA NALO

Moyo kwenda mbio, jasho, kifua kubana, mikono kutetemeka: hayo ni mambo ya mwili ulioshtuka. Ukiwa na wasiwasi, nenda ukapimwe na daktari, tena mapema. Lakini ukiambiwa u mzima, uamini uzima wako. Mtu anayeogopa dalili za hofu kuliko anavyoogopa hatari yenyewe yuko karibu na kuugua akili, naye anahitaji msaada, si kufichwa. Wanaotibu ugonjwa huo wapo, na kwenda kwao si aibu. Kijana akikwambia amechoka kuishi, usimtafutie mapigo ya moyo. Mkalie karibu, msikilize, mpeleke akasaidiwe siku hiyo hiyo. Na sisi wazazi, tujichunguze. Watoto wetu wanajifunza kuogopa kwa kututazama nyuso zetu. Barua ukiipokea, isome mbele ya mwenzako. Fundi ndiye aliyeniomba niwasimulieni haya, na aliniomba nisipunguze hata neno la aliyoyakosea.